AFYA YA JAMAA: Maji ya Ubongo na Njia Zake

Ubongo haukai mkavu ndani ya fuvu. Umezungukwa na maji maangavu, nayo hutengenezwa humo humo kichwani, kiasi cha nusu lita kila siku kwa mtu mzima. Lakini kwa wakati mmoja hayakai ila mililita 150 hivi, kama nusu ya chupa ya soda. Basi sharti yatoke na mapya yaingie mara tatu na zaidi kwa siku, na yakitoka huchukua takataka za ubongo.

Nani ameyaona? Mashine ya MRI. Hiyo si eksirei. Ni sumaku kubwa inayotikisa chembe za maji mwilini, ndiyo maana anayeingia huvua saa, pini na kila chuma. Huko Oslo, Norwei, madaktari waliwatia wagonjwa dawa ya kung'arisha picha katika maji ya uti wa mgongo, wakawapiga picha hata siku ya pili. Habari ikatolewa mwaka 2021: kwa wale waliokeshwa usiku mmoja, dawa ilikawia kutoka ubongoni kuliko kwa waliolala. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa London waliopima panya walisema kinyume, kwamba usingizi hupunguza kusafishwa huko. Waache wabishane.

Lisilo na ubishi ni hili: njia ya maji ikiziba, kichwa cha mtoto mchanga hufura. Mama, tazama kama kichwa kinakua upesi kuliko mwili, utosi umevimba, macho yanaelekea chini, mtoto anatapika. Wako wanaosema karogwa, na miezi inapita kwa wapiga ramli huku ubongo ukibanwa. Kule Mbale, Uganda, Daktari Benjamin Warf aliandika mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa namna hiyo aliowatibu, chanzo kilikuwa maambukizo, na mengi yaliwapata katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo homa ya kichanga si ya kungojea kesho. Wengi aliwafungulia njia mpya ya maji ndani ya ubongo pasipo mrija wa kudumu, maana mrija huweza kuziba, na aliye mbali na hospitali atafikaje kwa wakati?

Mashine ya MRI iko Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Utepe wa kupima kichwa hauhitaji safari hiyo. Mwombe nesi wa kliniki akiandike kipimo katika kadi ya mtoto, na mwezi ujao alinganishe.