Laptopu ibaki Minneapolis

Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala lugha za programu. Nataka kusema na wenzangu waandishi wa programu tulio ughaibuni, hasa sisi tuliojikuta Minneapolis, ambako Januari kipimajoto kinaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na watu wakaendelea na shughuli zao kama kawaida. Kila mwaka maneno yetu ni yale yale: kipindi cha baridi nitakwenda nyumbani, nitabeba laptopu, nitafanya kazi nikiwa huko huko. Mimi nimefanya hivyo mara moja. Mara ya pili nilikwenda mikono mitupu. Sasa nina maoni.

Desemba 2022 nilidhani nimepata dawa ya kila kitu. Kwetu ni Likoni, ng'ambo ya feri, na siku hizi faiba inafika hadi nyumbani. Sisi tulioanza kompyuta kwenye saiba tukilipa kwa dakika tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009. Nchi ilitegemea setilaiti, na ukurasa mmoja ulifunguka huku ukimaliza soda. Basi kukaa Likoni na kuzungumza kwa video na wenzangu wa Marekani bila kukatika niliona ni ushindi. Nilijisifu hata.

Lakini piga hesabu ya saa. Wakati wa baridi Minneapolis iko nyuma ya Mombasa kwa saa 9. Kikao chao cha saa 3 asubuhi kwetu kinaanza saa 12 jioni. Saa 12 jioni Mombasa ni saa gani? Ndiyo saa jua linazama, upepo wa kaskazi unapoza kuta, watu wanatoka maghrib na kukaa barazani, muuza kahawa anapita na dele lake, na bodi ya keram inatolewa nje. Mambo yote ya mtaani, nani kaoa, nani kagombana na nani, nani anaumwa, huzungumzwa saa hizo. Mimi nilikuwa chumbani, nimevaa vifaa vya masikioni, nikitoka saa 8 usiku. Asubuhi wakila mahamri na mbaazi mimi nimelala. Mwili ulikuwa Likoni, saa yangu ya mkononi ilikuwa Minneapolis. Marafiki niliosoma nao walikuja siku mbili tatu, wakaona taa ya chumbani, wakaambiana tusimsumbue, yuko kazini. Siku ya nne hawakuja.

Desemba 2024 nilirudi kwa wiki nne, laptopu nikaiacha kabatini huku Minneapolis. Wiki ya kwanza haina maana yoyote, nawaambia ukweli. Ni wageni, ni pilau, ni "umenenepa", kila mtu amevaa nguo nzuri. Ukweli wa nyumba hutokea wiki ya pili, watu wakishachoka kukufanya mgeni. Siku moja asubuhi nilimwona Mama akimimina chai. Alitia kidole ndani ya kikombe, akasubiri mpaka chai imguse, ndipo akaacha kumimina. Alifanya haraka, kama jambo alilozoea kitambo.

Nikamuuliza, Mama, unaona?

"Naona kiasi, mwanangu. Ni ukungu tu."

Ukungu huo ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jirani alijua. Muuza mboga alijua, maana alikuwa akimhesabia chenji mkononi. Rafiki yangu wa zamani, yule niliyefungua naye kompyuta yangu ya kwanza kwa bisibisi (haikufungika tena), siku hizi anaendesha tuktuk, naye alijua kwa sababu ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumshusha kwenye feri. Mimi, ninayeongea naye kwa video kila Jumapili, sikujua. Kwenye video yeye alikuwa akiangalia sauti inakotoka, nami nikadhani ananiangalia.

Na zile jumbe je? Zaidi ya mwaka tulikuwa tukiandikiana karibu kila siku, na nilifurahi sana kuona amejifunza kutuma vile vikaragosi vya kucheka. Kumbe nilikuwa nachati na mpwa wangu wa miaka 14. Alikuwa akimsomea bibi yake, bibi anajibu neno moja, kijana anaongeza mengine ya kwake. Sikumkasirikia. Alikuwa anafanya kazi ambayo ilikuwa yangu.

Nilipomuuliza Mama kwa nini hakuniambia, na mwaka 2022 nilikuwa nyumbani siku 16, alisema, "Ulikuwa na kazi zako, baba." Basi. Hakulaumu, na ningependa angelaumu.

Nimefikiria sana kuhusu pesa pia. Kabla ya M-Pesa kuanza Machi 2007, pesa ya nyumbani ilibebwa na mtu: jamaa anayesafiri, dereva wa basi, mwanafunzi anayerudi likizo. Ilichelewa, mara nyingine ilipungua njiani. Lakini mtu yule alifika, aliketi, alinywa chai, akarudi na habari: mama yako amekonda, paa linavuja. Sisi mafundi tuliona safari ile ni hasara ya kuondolewa, na tukaiondoa vizuri kabisa. Siku hizi napata ujumbe kwamba pesa imepokelewa, kiasi fulani, saa fulani. Ujumbe hausemi nani aliyemsomea.

Najua mtakachosema. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimu mwajiri kukupa likizo yenye malipo, tofauti na Kenya ambako sheria ya ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka. Bila laptopu wengine mtapata siku 10 tu, na nauli ya Desemba mnaijua. Ni kweli. Mimi wiki mbili kati ya zile nne sikulipwa, na Februari niliisikia vizuri. Kama huna budi kubeba kazi, basi agana na bosi wako mapema: hakuna vikao. Fanya kazi saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, wakati Minneapolis imelala, wakikuta umeshatuma. Programu haijali iliandikwa saa ngapi. Akikataa, nenda siku 10 bila laptopu, ni bora kuliko 30 nayo. Hapo sibishani.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji Januari 2025. Walitoa lenzi iliyoingia ukungu, wakaweka ya bandia, na jioni ile ile tulikuwa kwenye feri tukirudi. Rafiki yangu wa tuktuk alitungoja upande wa pili, akakataa nauli. Kesho yake walipoondoa bandeji Mama aliniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza hizi mvi nimezipata lini.