Tunda Litafunwe, Lisinywe

Katika nyumba nyingi za mijini, mgonjwa akitoka hospitali jambo la kwanza analofanyiwa ni kukamuliwa juisi. Mama mkwe huja na kikapu cha machungwa, wifi huwasha mashine ya kusagia, na jirani ambaye mwaka mzima hakubisha hodi hutokea na chupa ya juisi ya pasheni. Desturi hiyo ni njema, na aliyelazwa kwa malaria hushukuru. Lakini yupo mgonjwa mmoja ambaye haimfai hata kidogo, naye ni yule aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili uzito wake ushuke.

Upasuaji huo si mgeni duniani. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, Dakta Edward Mason na Dakta Chikashi Ito walianza kuitenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo na kuiunganisha na utumbo mwembamba, na tangu hapo kazi hiyo imeendelea kuboreshwa. Siku hizi njia zinazotumika zaidi ni mbili. Katika ya kwanza, robo tatu ya tumbo au zaidi hukatwa na kuondolewa kabisa, likabaki bomba jembamba. Katika ya pili hutengenezwa kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, ambacho huunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kikawa hakipiti tena katika sehemu ya mwanzo ya utumbo huo. Mtu aliyezoea sahani nzima ya wali hushiba kwa vijiko vichache.

Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wapasuaji, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilitoa mwongozo mpya kuhusu nani anastahili upasuaji huo. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.6 na uzito wa kilo 90 anaweza kushauriwa kupasuliwa hata kama hajapata kisukari wala shinikizo la damu. Watu wa kimo na uzito huo si wachache nchini Tanzania. Utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka huohuo wa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi kiasi. Baadhi ya wenye uwezo husafiri hadi India kupasuliwa. Wengine huenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ambako huduma ya kuwekewa puto tumboni imekuwa ikitolewa. Ingawa puto si upasuaji, nalo humlazimu mtu kubadili namna ya kula. Mitaani wote hao husemwa kwamba wamekatwa utumbo, na maneno hayo hutamkwa kwa kebehi, kana kwamba mgonjwa amekwepa kazi. Kebehi hiyo haina msingi wowote. Kazi yenyewe huanza baada ya kupasuliwa, na sehemu yake kubwa hufanyika jikoni.

Ni katika jikoni hilo ambapo tunda limekuwa chanzo cha makosa mawili yanayopingana.

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba kwa kuwa tunda ni afya, juisi yake ni afya maradufu. Glasi moja ya juisi ya machungwa ya mililita 250, isiyotiwa sukari hata punje, ina gramu 20 hivi za sukari, sawa na vijiko vitano vya chai. Ili kuipata hukamuliwa machungwa matatu au manne, ambayo hapana aliyepunguzwa tumbo angeweza kuyatafuna kwa mara moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu sukari, limeiweka sukari ya juisi katika kundi moja na sukari ya kopo, na kuacha nje sukari iliyomo ndani ya tunda zima. Sababu yake inaeleweka. Tunda linapotafunwa, nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari. Likikamuliwa, sukari hutelemka pasipo kizuizi.

Kwa mtu mzima wa afya, mlango wa chini wa tumbo hufunguka kidogo kidogo, chakula kikapita kwa kiasi. Aliyetengenezewa kifuko hana tena mlango huo katika njia ya chakula chake, na aliyeachiwa bomba, ingawa mlango wake upo, chakula chake hupita kwa haraka kuliko zamani. Sukari nyingi inapofika ghafla katika utumbo mwembamba, huvuta maji kutoka mwilini. Ndani ya nusu saa moyo huenda mbio, jasho likatoka, tumbo likasokota, na mara nyingi mgonjwa hukimbilia chooni. Madaktari huiita hali hiyo dampingi. Upo na mkondo wake wa pili, ambao ni wa hatari zaidi kwa kuwa huja wakati mtu amekwisha kusahau alichokunywa. Saa moja hadi tatu baadaye mwili, ukiwa umemwaga insulini kupita kiasi, huishusha sukari ya damu chini ya kiwango. Mtu hutetemeka, macho huingia kiza, na anaweza kuzimia. Akiwa ni dereva wa basi, abiria wake nao wamo hatarini.

Hata asiyepatwa na hayo hasalimiki. Juisi haikai katika tumbo dogo. Hupita, na baada ya muda mfupi njaa hurejea. Wapo wanaokula vijiko vitatu vya samaki kwa utiifu mkubwa, kisha wakanywa glasi nne za juisi ya embe tangu asubuhi hadi jioni, halafu wakashangaa mbona mizani haishuki. Juisi ya miwa inayokamuliwa kando ya barabara ni mbaya zaidi, kwani tangawizi na ndimu vinavyotiwa humo haviondoi sukari yake. Vinaificha tu ulimini. Ukwaju na ubuyu navyo ni vitu vyema, lakini vinywaji vyake huuzwa vikiwa vimejazwa sukari.

Kosa la pili ni la wale ambao, wakiisha kuonja taabu ya dampingi mara moja, huapa kutogusa tunda lolote. Hao hujinyima bure. Choo kigumu ni malalamiko ya kila siku ya watu waliopasuliwa, na tunda zima ni mojawapo ya dawa zake. Lipo pia suala la damu. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi katika sehemu ile ya mwanzo ya utumbo mwembamba ambayo chakula cha mwenye kifuko hakipiti tena, na asidi ya tumbo inayosaidia ufyonzaji huo nayo hupungua. Ndiyo maana upungufu wa damu huwaandama waliopasuliwa, hasa wanawake wanaoendelea kupata hedhi, na ndiyo maana huandikiwa vidonge vya madini hayo. Vitamini C huusaidia mwili kuyafyonza. Hapa pera, tunda ambalo mitaani huachiwa watoto, lina heshima yake: gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, takriban mara nne ya chungwa. Vipande vichache vilivyoondolewa kokwa, vikiliwa pamoja na kidonge cha madini ya chuma, vinafaa kuliko kukimeza kidonge hicho kwa chai ya rangi, maana chai huzuia ufyonzaji. Vidonge vya kalisi navyo visimezwe papo hapo. Viachwe kwa saa mbili.

Kwa hiyo tunda lina nafasi, ila nafasi hiyo ni ya pili. Aliyepasuliwa anatakiwa kupata walau gramu 60 za protini kwa siku, la sivyo mwili wake, unapopungua, utakula misuli pamoja na mafuta. Yai moja lina gramu 6 hivi. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina 20 na ushee. Gramu 100 za embe hazifikishi hata moja. Mwenye tumbo la vijiko viwili akianza na embe, samaki hatapata pa kukaa. Aanze na samaki, yai, maharage au maziwa ya mgando. Tumbo likiruhusu ndipo afuatishe tunda.

Matunda nayo hayalingani. Papai bivu ni laini na sukari yake ni ya wastani, nalo huwa miongoni mwa matunda ya kwanza kuruhusiwa, likiwa limepondwa, mgonjwa anapotoka katika chakula cha majimaji na kuingia katika chakula laini. Kwa wengi hatua hiyo hufika wiki chache baada ya upasuaji, lakini daktari wake ndiye mwenye kauli. Parachichi ni laini vilevile, na sukari yake ni kidogo mno; mafuta yake ni mengi, kwa hiyo robo yatosha. Ndizi mbivu na embe huliwa kwa kipande, wala si kwa tunda zima. Nanasi na chungwa vinataka subira zaidi. Ngozi nyeupe za chungwa na nyuzi za nanasi, zikimezwa bila kutafunwa vema, zinaweza kujikusanya tumboni zikafanya donge ambalo madaktari huliita bezoa, na donge hilo likiziba njia huenda likamrudisha mgonjwa kwenye meza ya upasuaji. Chungwa limenywe, ngozi zake zitolewe, kisha kila kipande kitafunwe hadi kiwe uji.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji neno lake. Zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari, na tende tatu zikifuatwa na glasi ya juisi, katika tumbo lililokaa tupu kutwa nzima, zinatosha kabisa kuleta dampingi. Aliyepasuliwa azungumze na daktari kabla ya kuanza kufunga, hasa kama bado anatumia dawa za kisukari, kwa sababu dozi aliyoizoea kabla ya upasuaji inaweza kuwa kubwa mno baada yake.

Yote haya wataalamu wa lishe wanayajua. Tatizo ni namna yanavyomfikia mgonjwa. Haifai mtu anayezungumza Kiswahili aruhusiwe kwenda nyumbani akiwa na karatasi ya Kiingereza inayomsifia matunda ya nchi za baridi ambayo hajapata kuyaona sokoni, huku embe, fenesi na stafeli, ambayo atakutana nayo siku hiyohiyo njiani, hayakutajwa. Hospitali zinazopasua, na zile zinazowapokea waliopasuliwa nje ya nchi, zinapaswa kuwa na maelekezo ya Kiswahili yanayotaja matunda ya msimu kwa majina yake, kipimo cha kila moja kwa kijiko au kipande, na wiki ya kuanza kulila. Na siku ya kuruhusiwa mgonjwa, aitwe pia yule anayepika nyumbani kwake, awe mke, mume, dada au mama mkwe, asomewe maelekezo hayo mbele ya mgonjwa na aulize maswali yake papo hapo, kabla hajarudi na kikapu cha machungwa.