Mgeni wa Natchez Aanzie Wapi?

Mji wa Natchez, katika jimbo la Mississippi huko Marekani, umekaa juu ya genge lielekealo mto mkubwa. Wageni huenda kutazama majumba ya matajiri wa pamba, ambayo tangu mwaka 1932 hufunguliwa kwa msimu maalum. Mojawapo, Longwood, lina pembe nane. Mafundi waliliacha vita vilipoanza mwaka 1861, na hata leo orofa zake za juu ni matofali na mbao tupu. Hapana shaka ni ajabu, wala sisemi lisitazamwe.

Lakini yafaa mgeni aanzie Forks of the Road, penye njia panda. Hapo hakuna jumba, ni kiwanja cha majani tu. Ndipo watu walipouzwa kwa maelfu, wengine wakiwa wametembezwa kwa miguu katika minyororo toka Virginia, hata askari wa Kaskazini walipoingia mjini mwaka 1863. Kiwanja hicho kilitiwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2021 (kumbe kazi ya kukumbuka nayo huchelewa!). Atanguliaye majumbani huuliza bei ya viti. Atanguliaye hapa huuliza pamba ililimwa na nani.

Kisha aingie nyumba ya William Johnson, kinyozi Mwafrika aliyezaliwa mtumwa akaachwa huru, akaandika habari zake toka 1835 hata alipouawa mwaka 1851. Naye alikuwa na watumwa wake. Hilo walimu wetu wa historia watuachie tulijadili darasani.