Ngitili Si Zizi



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya neno moja la Kiingereza, nalo ni "exclosure". Nilipoliandika ubaoni muhula huu, wanafunzi wa Kidato cha Nne walinong'onezana kwamba mwalimu kakosea herufi, alitaka kuandika "enclosure". Siwalaumu, maana ni neno la nadra. Lakini herufi ile moja yageuza maana juu chini.

"Enclosure" ni mahali palipozungushiwa ua ili vilivyomo visitoke, kama zizi. "Exclosure" ni mahali palipozuiwa ili walio nje wasiingie. Ni neno la wataalamu wa malisho na misitu. Wao huzungusha waya kipande cha mbuga, wanyama wasifike, kisha hupima nyasi za ndani na za nje na kuzilinganisha. Hapo jirani yetu, Serengeti, kazi hiyo ilifanywa katika miaka ya 1970 na mtaalamu wa Marekani, Samuel McNaughton, aliyetaka kujua nyumbu wapitao hufanya nini kwa nyasi. Wengi wangedhani ya kuwa palipoliwa pamekwisha. Kumbe palichipua majani mabichi, na swala walipofika baadaye walipendelea kula huko. Bila vipande vile vilivyofungwa, asingalikuwa na cha kulinganisha.

Basi, wazee wetu wa Usukumani hawakuwa na waya, lakini jambo lenyewe wanalo tangu zamani. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, mifugo isiingie. Nyasi hukua, zikakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokaza, malisho mengine yamekwisha, ndipo hufunguliwa, na wa kwanza kufikiriwa ni ndama, ng'ombe wa kulimia na wale waliodhoofika. Hiyo ndiyo ngitili. Yako ya mtu na jamaa yake, na yako ya kijiji. Ukiingiza ng'ombe kabla ya wakati utaitwa mbele ya dagashida, nako hutoki bure.

Wakati wa kuhamia vijijini, katika miaka ya 1970, watu waliacha ngitili zao nyuma na nyingi zikafa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 (nasi wa Meatu tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga), zilizojulikana hazikuzidi kiasi cha hekta 600. Mradi ulipokaribia kwisha mwaka 2004 zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Kuni, fito, nyasi za kuezekea, asali na dawa vilirudi pamoja na miti.

Sasa tazameni vitabu na taarifa za Kiingereza juu ya kazi hiyo. Nyingi zaifasiri ngitili kwa neno "enclosure". Mimi mwenyewe nimeona karatasi moja ya mipango ya ardhi, iliyorudishwa kwa Kiswahili kutoka Kiingereza hicho, na humo ngitili imekuwa "zizi". Mzee mmoja akacheka, akauliza ni ng'ombe gani hao wenye zizi la ekari mia.

Mimi sikucheka sana. Zizi lina ng'ombe ndani. Mgeni akija mwezi wa Machi na karatasi yake, akaona nyasi tupu, hana ng'ombe wa kumwona, ataandika kwamba ardhi hii haitumiki. Na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, katika maandishi yake ya Kiingereza, ilipoeleza maana ya ardhi ya jumla iliingiza ndani yake hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Hapo mwenye kutaka kulima pamba amekwisha pata mlango. Kumbe ngitili, hasa wakati haina mnyama, ndipo inapofanya kazi.

Je, tuseme "exclosure"? Ni afadhali mara kumi, lakini nalo halitoshi. Lile la wataalamu lina waya, na mara nyingi hukaa limefungwa miaka. Ngitili haina ua ila maneno ya watu, na siku yake ya kufunguliwa inajulikana. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba tuandike ngitili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, kisha tueleze maana yake. Wako watakaosema ya kuwa mtu wa Dar es Salaam hatalielewa. Aelezwe! Waingereza walilichukua neno letu safari bila kulifasiri, na hakuna aliyepotea njia.

Likizo i karibu. Nawaomba wanafunzi waulize kwao ngitili ipo wapi, ni ya nani, hufungwa mwezi gani na kufunguliwa lini, waniletee maandishi muhula ujao. Wazazi nao, tafadhali, wasichoke kuulizwa.

Mwalimu wa Jiografia,
Mwanhuzi