Mwalimu Amefika: Kiswahili, Cheti na Mtu Aliyebadili Jinsia

Katika mijadala kuhusu watu wanaoishi katika jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, husikika dai kwamba jambo hili halina nafasi hata katika lugha yetu. Makala haya hayakusudii kuamua masuala ya dini. Yanakusudia kulichunguza dai hilo kwa jicho la isimu, tukichukua mfano wa kazi moja, yaani ualimu.

Tuanzie Pangani, mji wa mwambao ambao wenyeji wake hawakujifunza Kiswahili darasani. Mtoto wa huko akisema, "Mwalimu amefika, anatuita," ametoa sentensi kamili isiyoeleza kama mwalimu huyo ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi a- cha ngeli ya M-WA hakiulizi jinsi (wanyama nao wamo katika upatanisho huo, lakini hayo tuyaache). Yeye, huyu, wake: hakuna kinachouliza. Mwarabu na Mwingereza kwa kawaida hulazimika kuamua kwanza ndipo wamtaje mtu kwa kiwakilishi, Mswahili halazimiki. Kwa hiyo, mwalimu aliyebadili jinsia haidai sarufi yetu chochote kipya.

Hata hivyo, tusijisifu upesi. Sarufi isiyouliza jinsi haijawafanya wasemaji wake kuwa wapole. Neno hanithi hurushwa kama jiwe. Shoga, ambalo kwa wanawake wa Tanga na Pangani ni mwito wa upendo kati ya rafiki na rafiki, limegeuzwa tusi. Huntha la wanazuoni wa mirathi ni la heshima zaidi, ila humhusu mtu aliyezaliwa na maumbile ya kiume na ya kike pamoja, na si sahihi kulibandika kwa kila mtu. Miito nayo imebadilika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Ndugu lilitosha kwa wote, mwanamume kwa mwanamke. Leo wanafunzi wetu wanasema madamu, na mwito huo tayari umekwisha kuamua. Kwa maoni yangu, hapo tulipoteza kitu.

Lakini palipo na uzito zaidi ni kwenye karatasi. Mwalimu huajiriwa kwa cheti, na cheti hubeba jina. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini Tanzania ulitaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Sisemi kwamba uhakiki haukuwa na haja. Nasema tumfikirie mwalimu wa Pangani ambaye jina la cheti chake ni la kiume na anayesimama mbele ya mhakiki ni mwanamke. Hakughushi hata nukta, lakini kila karatasi aliyo nayo inamshitaki. Atachagua nini? Kuvaa umbo lisilo lake kila asubuhi, mbele ya watoto anaowafundisha kusema kweli, au kuuacha ubao.

Nchini Kenya suala hili limefika mahakamani. Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001, aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya limpe cheti chenye jina lake jipya na kisichotaja jinsi. Baraza lilikataa. Tarehe 7 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Weldon Korir, iliamuru cheti kibadilishwe. Hoja moja ya hukumu hiyo inatuhusu sana sisi walimu: alama hazikutolewa kwa kufuata jinsi, basi kuondoa jinsi hakuishushi thamani ya cheti. Mtihani ulipima ujuzi, ujuzi haukubadilika.

Kwetu Tanzania mtu anaweza kubadili jina kwa hati ya kiapo iliyosajiliwa, lakini hakuna sheria inayoweka utaratibu wa kubadili jinsi iliyoandikwa wakati wa kuzaliwa. Watakaosema kwamba kufungua mlango huo ni kuwafungulia walaghai wana hofu ya haki, ila wameielekeza pasipo. Anayeunganisha mtahiniwa na matokeo yake ni namba ya mtihani, shule na mwaka. Hivyo havibadiliki jina linapobadilika. Wanawake wengi walioolewa wamebadili majina na bado wanafundisha.

Wanaisimu tuna sehemu yetu. Istilahi tunazozipendekeza zisianze na tusi. Mimi naona maelezo marefu, "mtu anayeishi katika jinsia tofauti na aliyoandikiwa", yatufae kwa sasa, mpaka wahusika wenyewe walipatie jambo lao neno fupi wanaloliridhia. Nazo fomu za ajira za walimu zichunguzwe, kipengele kwa kipengele, na anayetetea nafasi ya jinsi aeleze inampimia mwalimu kitu gani.