MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Kisu Changu cha Kwanza



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya ghala la mtama. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya visu. Usishangae. Wako watu wanaokusanya stempu. Wako wanaokusanya sarafu za zamani. Mimi nakusanya visu. Nyumbani kwangu hapa Makutupora ninavyo visu 31.

Majirani huniuliza, "Bwana Shamba, visu vyote hivi vya nini? Unataka kufungua bucha?" Leo nitawajibu.

Kisu cha kwanza nilikinunua mwaka 2004. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha kilimo, nikapata mshahara wa kwanza. Mzee mmoja, bwana shamba aliyestaafu, alikuwa akiuza vyombo vyake vya kazi. Kati yake palikuwa na kisu kidogo cha kukunja, chenye mpini mwekundu. Kilikuwa kisu cha kubebeshea miche, yaani kuunganisha kijiti cha mwembe bora na mche wa mwembe wa kienyeji. Bei yake ilikuwa kubwa. Nilikinunua, na mwezi ule nilikula ugali kwa mlenda mpaka mwisho wa mwezi.

Sikujuta. Kisu butu huponda gamba la mche, na mche uliopondeka haushiki. Kisu kile kilikata mara moja tu, na mkato ukawa safi.

Kwenye bapa lake paliandikwa neno moja. Nikalisoma herufi kwa herufi: Victorinox. Neno gani hili? Nikauliza watu, nikatafuta vitabuni. Nikajua kwamba mwaka 1884, huko Uswisi, fundi mmoja jina lake Karl Elsener alifungua karakana ya visu katika kijiji cha Ibach. Mwaka 1891 alianza kuwapelekea visu askari wa nchi yake. Mama yake aliitwa Victoria. Mama huyo alipofariki mwaka 1909, fundi akaipa karakana jina lake. Mwaka 1921 likaongezwa neno "inox", maana yake chuma kisichoshika kutu. Ndipo likapatikana jina Victorinox.

Fikiri, ndugu yangu. Mama yule alifariki zamani, katika nchi ya mbali. Lakini mimi nimelisoma jina lake hapa Ugogo, kwa sababu mwanawe aliliandika.

Tangu siku ile nikashikwa na hamu ya visu. Kila nilipokwenda kikazi au kutembea, nilitafuta kisu cha mahali pale. Ninacho kisu cha kukatia mkonge kutoka Tanga. Ninacho kisu cha kupaa samaki kutoka pwani. Ninayo sime ya Kimasai. Ninacho kisu kilichopinda, cha kukatia vichala vya zabibu katika mashamba yetu ya Dodoma. Kila kimoja kina umbo lake, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake.

Lakini kipo kisu kimoja kinachonitia huzuni.

Mwaka 2009 nilipita kwa mhunzi mzee, kwenye barabara ya kwenda Kondoa. Alikuwa amekaa chini ya mti, na mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi.

"Shikamoo babu," nikamwamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu ukae."

Nikakaa. Akachukua kipande cha springi ya gari, akanitengenezea kisu cha kukatia masuke ya mtama. Huku akigonga chuma alinieleza mengi. Alinitajia miti inayotoa makaa makali. Alinionyesha rangi ya chuma kilichokwisha kuwa tayari kutiwa majini. Alinisimulia jinsi babu yake alivyofanya kazi ile. Nilisikiliza, nikacheka naye, nikalipa, nikaenda zangu. Kalamu ilikuwamo mfukoni. Sikuandika hata neno moja.

Mwaka 2013 nilirudi. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Mivukuto ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikamwuliza mwanawe juu ya ile miti ya makaa. Akasema, "Bwana Shamba, mzee ndiye aliyejua. Sisi hatukumwuliza."

Kisu chake bado kinakata vizuri. Lakini hata jina la ukoo wake silijui. Naijua habari ya mama wa Uswisi, na habari ya mhunzi wa jirani yangu siijui. Kosa ni langu.

Usidhani elimu hii ni ndogo. Huko Ufipa wazee walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizoitwa malungu, wakayeyusha mawe yenye chuma. Huko Buhaya kazi ya chuma ilikuwapo yapata miaka 2,000 iliyopita. Baadaye chuma cha bei rahisi kikaletwa kutoka ng'ambo, na tanuri zikazimika. Watafiti walipofika Buhaya katika miaka ya 1970, iliwabidi wawaombe wazee waliokuwa bado wanakumbuka wajenge tanuri upya, ili kazi ionekane na iandikwe. Kama wazee wale wangalikufa kwanza, nani angaliwaeleza?

Basi, ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Huna haja ya kununua visu 31. Anza na kitu kimoja cha zamani kilichomo nyumbani mwako: kisu, jembe, kibuyu au kinu. Fanya hivi:

1. Mwulize mzee anayekijua kitu hicho.
2. Andika katika karatasi jina la kitu, jina la aliyekitengeneza, mahali na mwaka.
3. Andika kazi yake na jinsi kinavyotengenezwa.
4. Ifunge karatasi hiyo pamoja na kitu chenyewe.

Kama ni kisu, kifute kikauke, kisha kipake mafuta kidogo. Usikiache siku nyingi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kisu hupata kutu. Kifungie sandukuni, mbali na watoto.

Mimi sasa kila kisu changu kina karatasi yake. Ile ya mhunzi wa Kondoa ina mistari miwili tu. Yako ijaze yote, wakati mzee wako bado yupo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Bwana Shamba anasema kosa ni lake?
2. Nani katika kijiji chenu anajua kazi ambayo haijaandikwa?
3. Mtakwenda kumwuliza lini?