Bomba dogo, roho za watu

Kwa inchi isiyo na barabara, ndege si anasa. Mugonjwa wa Bunia, mwanafunzi wa Kisangani, muchuuzi wa Bukavu, wote wanapanda.

Nje ya ndege kuna vibomba vyenye kupima mwendo wake. Huko juu baridi inaweza kupita nyuzi 50 chini ya sufuri, njo maana vinapashwa moto na umeme. Tarehe 1/6/2009, katika ndege ya Air France iliyotoka Rio kwenda Paris, barafu ilivishinda na kuviziba, hata dakika moja haikufika. Marubani wakachanganyikiwa, watu 228 wakafa. Kule walichunguza, wakatangaza, wakabadilisha vibomba vya aina ile.

Na kwetu? Tarehe 24/11/2019 ndege ilianguka Mapendo, mjini Goma, ikaua hata watu wasiokuwa na tiketi. Tangu 2006 inchi yetu iko kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya.

Tunadai: mamlaka ya usafiri wa anga itangaze matokeo ya ukaguzi wa kila ndege, kuanzia umeme, vipasha-joto mupaka kengele za moto. Mwenye tiketi na asiye nayo, wote wana haki ya kujua. Tusingoje kuzika njo tuulize.